Fremu yuro 145

Jana nimelipa yuro 145 kwa fremu. Si picha jamani, fremu! Picha yenyewe, chapa safi kwenye karatasi nzito ya pamba, niliinunua 40. Mwenye duka hapa Haarlem, Uholanzi, alinipigia hesabu: mbao, kioo kisichoakisi taa, halafu kazi ya mikono, na hiyo ndiyo iliyoniua. Kwa pesa hiyo fundi wa Naivasha angenichongea kitanda na chenji ibaki. Mnaopanga kuja, mjue mapema: huku vya kiwandani ni rahisi, ila mkono wa mtu ukigusa kitu, jiandae. Kusuka nywele, kupunguza suruali, bomba likivuja, yote ni hivyo hivyo. Msihesabu mshahara tu.

Lakini picha naipenda mno. Maua yamejaa kwenye chombo cha kioo, nyuma giza totoro, waridi moja zito limeinamisha kichwa, na jani chini yake limetobolewa na kiwavi. Msanii wa leo amefuata mtindo wa Waholanzi wa zamani, kina Rachel Ruysch, mama wa watoto 10 aliyeendelea kuchora hata baada ya kupita miaka 80. Walichanganya maua ya misimu tofauti kwenye chombo kimoja, hivyo shada kama lile hukulikuta mezani kwa mtu yeyote.

Mgeni mmoja akaitazama, akaniuliza kama kwetu kuna waridi. Nilichemka! Mama yangu alimaliza ujana wake kwenye shamba la maua Naivasha, akipima urefu wa shina na ukubwa wa tumba, maua yapande ndege kuja mnadani Aalsmeer. Hayo mnayopelekeana siku za kuzaliwa, mengi yamepita mikononi mwa akina mama kama yeye.

Nikamtumia mama picha kwa WhatsApp. Alipiga hapo hapo. "Mwanangu, hayo yote ni ya kukataliwa. Yameshafunguka! Na hilo jani, supavaiza angetufukuza." Kwao waridi husafiri likiwa tumba. Akanyamaza kidogo, kisha: "Lakini ni mazuri, kumbe. Sisi tuliyatupa."

Sasa anataka ya kwake, na ukuta ameshachagua. Nitamchapishia ya Ruysch mwenyewe. Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, wameweka michoro yao ya zamani mtandaoni, mikubwa na inayoonekana hadi mshipa wa jani. Nanyi mlio nyumbani pakueni, hawatozi kitu.