The Crew: mchezo ulionunuliwa, kisha ukazimwa

Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, yaani kompyuta zake zilizouendesha mchezo kupitia intaneti, na tangu siku hiyo mchezo huo wa mbio za magari, uliouzwa tangu Desemba 2014, haukufunguka tena hata kwa mtu aliyekuwa na diski yake halali mkononi. Mimi ni miongoni mwa walioupenda sana, na ninaamini kwamba hasara hiyo ingeweza kuepukwa.

Uliundwa na studio ya Ivory Tower ya Lyon, Ufaransa, iliyoanzishwa na watu waliotoka Eden Games, watengenezaji wa mchezo wa magari wa Test Drive Unlimited wa mwaka 2006. Waliichukua Marekani nzima, wakaifupisha katika ramani moja ambayo kuivuka kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi kulichukua kama dakika 45, bila skrini ya kusubiri njiani. Ungeweza kuondoka Detroit usiku, ukashuka hadi kwenye vinamasi vya Louisiana, ukakata jangwa kuelekea Las Vegas, kisha ukapanda milima yenye theluji kabla ya kuiona San Francisco. Mashindano yenyewe yalikuwa ya kawaida tu. Uzuri wa mchezo ulikuwa katika safari, kwa sababu waundaji walikubali barabara iwe ndefu na mashamba yapite taratibu. The Crew 2 ya mwaka 2018 iliirudia Marekani, lakini ramani yake ilipangwa upya, kwa hiyo si mbadala wa ile ya kwanza.

Kiini cha tatizo ni kwamba mchezo ulidai intaneti wakati wote, hata kwa mtu aliyefuata hadithi yake peke yake bila kukutana na mchezaji mwingine yeyote. Watetezi wa kampuni hutaja leseni za kutumia magari halisi na muziki ndani ya mchezo, ambazo kweli huisha. Hata hivyo, Forza Horizon 4, mchezo mwingine wa magari, iliondolewa sokoni Desemba 2024 kwa sababu hiyohiyo, na waliokwisha kuinunua waliendelea kuicheza. Kuisha kwa leseni kunaeleza kwa nini mauzo yasimame. Hakuelezi kwa nini mnunuzi anyang'anywe alichokilipia.

Kuzimwa huko ndiko kulikomfanya Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, aanzishe kampeni ya Stop Killing Games mwaka 2024, na kufikia Julai 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita sahihi milioni moja. Ombi hilo halidai seva ziendeshwe milele. Linadai kwamba kampuni inapojitoa, iache mchezo katika hali inayochezeka. Jambo hilo linawezekana, kwani Ubisoft yenyewe iliahidi Septemba 2024 kuipa The Crew 2 uwezo wa kuchezwa nje ya mtandao, na mwaka uliofuata ikautoa.

The Crew ya kwanza iliokolewa na wapenzi wake. Septemba 2025 walitoa The Crew Unlimited, seva mbadala waliyoitengeneza kwa kuchunguza mawasiliano kati ya mchezo na seva za awali. Lakini hiyo ni ya kompyuta pekee, na walionunua diski za PlayStation 4 au Xbox bado hawana njia. Kwa ajili yao hasa, nataka sheria iilazimishe kila kampuni kuandaa namna ya kuuacha mchezo ukiwa hai tangu wakati wa kuuunda, kabla haijauza nakala ya kwanza.