Pikipiki inazama ukifungua mafuta mlimani? Anza na ile skrubu ndogo ya kabureta

Kuna njia moja ya murramu hapa kwetu karibu na Sipi, mlima Elgon huku Uganda, inaachana na lami halafu inapanda moja kwa moja mpaka kwenye mashamba ya kahawa. Ilikua imenyesha asubuhi, nimebeba mama mmoja na nusu gunia ya kahawa, ng'ombe wakakata njia nikasimama. Kuondoka sasa, gia ya kwanza, naachia klachi pole pole, nafungua mafuta, injini ikafanya bwoooo kama inataka kutapika halafu kimya, imezima. Pikipiki ikaanza kurudi nyuma, breki ya mbele imeshika lakini tairi inateleza kwa matope, yule mama akaweka miguu chini akaniambia, "Mwanangu, shika pikipiki, usiniue na kahawa yangu hapa." Hakuna aliyeumia, lakini mikono ilinitetemeka mpaka jioni.

Hiyo tabia ya kuzama, yaani injini kukosa nguvu ghafla ukifungua mafuta, ilikua imeanza zamani kidogo. Ni pikipiki ya cc 100, hii ya kawaida ya boda, ina kabureta (kile chombo cha kuchanganya petroli na hewa), klachi ya mkono. Ukiwa mwendo mzuri inavuta tu, shida ni pale mwanzo, ule ufunguzi wa kwanza wa mafuta, unafungua na yeye anafikiria kwanza. Kwenye tambarare hata husikii, mlimani na abiria ndo unaona.

Nikapeleka kwa fundi huko chini mjini akaniambia pikipiki inakosa mafuta, inataka jeti kubwa zaidi, yaani kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta, nikalipa akaweka. Ikawa mbaya zaidi. Moshi mweusi, petroli inaisha kabla ya saa nane, plagi nikitoa iko nyeusi na imelowa, masizi unaweza kufuta na kidole. Na kuzama kukaongezeka.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja anatengeneza pikipiki chini ya mkalitusi pale steji yetu. Hakushika spana kwanza, aliniuliza swali moja tu: "Kijana, inazama ukifungua kidogo ama ukifungua yote?" Nikamwambia kidogo mzee, ikishapita hapo haina shida. Akasema basi ile jeti kubwa haihusiki kabisa, toa urudishe ya zamani.

Hapa nieleze vizuri maana wengi tunapoteza pesa hapa. Kabureta haina njia moja ya mafuta. Ukiwa umefungua kidogo sana, kuanzia injini ikiwa inaunguruma tu mpaka kama sehemu moja kwa nane ya mkono wa mafuta, mafuta yanapita kwa jeti ndogo na ile skrubu ya pembeni. Ukiongeza mpaka robo, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta kinaanza kuamua, yaani vile kimekatwa chini. Kutoka robo mpaka robo tatu ni sindano inayoning'inia kwenye kipande hicho. Jeti kubwa inafanya kazi yake hasa kuanzia robo tatu mpaka mwisho. Sasa mtu anazama kwenye ufunguzi wa kwanza halafu anabadilishiwa jeti ya mwisho, hiyo ni kutibu mguu wakati jino ndo linauma.

Na kwa nini mlimani? Hewa. Mbale, mji wa chini, iko kama mita 1,100 hivi juu ya bahari, Kapchorwa huku juu kwetu ni karibu 1,900. Hewa ya hapa kwetu ni nyepesi kama asilimia 17 ukilinganisha na ya Mombasa pwani, na kabureta haijui hilo, yenyewe inazidi kumwaga petroli karibu vile vile. Mafuta yanakua mengi kuliko hewa, injini inalowa. Kwa hiyo fundi aliyesema inakosa mafuta alisikia vizuri kwamba haina nguvu, lakini sababu ilikua upande ule mwingine kabisa.

Kuna kipimo mzee alinionyesha hakitaki pesa. Injini ikiwa imepata moto, vuta choki kidogo tu halafu jaribu kufungua mafuta. Ikipata nafuu, basi inakosa mafuta kweli. Ikizidi kuzama, mafuta yamezidi. Yangu ilizima hapo hapo.

Lakini kabla ya skrubu alifungua eyakilina, kichujio cha hewa. Jamani. Vumbi la kiangazi chote lilikua pale, sponji imekua kama udongo wa kufinyangia. Hiyo peke yake inanyima injini hewa, ukiosha umeshapata nusu ya dawa. Akashika pia ile raba kati ya kabureta na injini akaibana kwa mkono huku injini inaunguruma, sauti ikibadilika ujue imepasuka inavuta hewa ya wizi. Yangu ilikua nzima. Akaangalia waya wa mafuta usiwe umelegea, uwe na nafasi ya milimita mbili tatu tu, na valvu pia, maana zikibana sana hakuna skrubu itakusaidia.

Ndo sasa skrubu. Anaanza kwa kuifunga mpaka ikae, kwa upole kabisa maana ukikaza ile ncha inaharibika, halafu anafungua mzunguko mmoja na nusu. Injini moto. Hapo anaenda robo mzunguko, anasubiri, anasikiliza, robo tena, anasikiliza. Mlio unapanda wenyewe bila kugusa mkono, unakua laini, halafu ukipitiliza unaanza kushuka, pale juu ndo unaacha. Mi nilikua nimeinama sikio karibu na injini na niliisikia ikibadilika, ni kama mtu aliyekua amezibwa pua akapata pumzi. Yangu ilitulia kwenye mizunguko miwili na robo. Angalia tu skrubu yako iko wapi: ikiwa upande wa eyakilina kama yangu, kufungua ni kuongeza hewa, ikiwa upande wa injini, kufungua ni kuongeza mafuta, kwa hiyo unaenda kinyume.

Sindano tulipandisha klipu inayoishika ngazi moja, kutoka ya katikati, hivyo sindano inashuka na mafuta yanapungua pale kati. Baadaye nikaweka sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno la cheni, yenye meno 13 badala ya 14, nguvu ya kuvuta inaongezeka karibu asilimia 8 na spidi ya mwisho inapungua karibu asilimia 7. Kwa mtu anayepanda na viazi kila siku mi naona ni biashara nzuri.

Baada ya hapo nilikua naangalia video za watu wa Colorado huko Marekani, wanapanda milima na mashine za theluji, mita 3,000 na kitu, na shida yao ni hii hii yangu! Zile hazina gia, zina mkanda kati ya puli mbili, na puli ya injini ina vyuma vizito ndani vinavyotanuka ikizunguka, na springi inayoamua mkanda ushike lini. Mkanda ukishika mapema kabla injini haijaamka, inazama, sawa na mimi nikiachia klachi haraka. Kwa hiyo wakienda juu wanaweka vyuma vyepesi zaidi. Mpya zina kompyuta inayopima hewa yenyewe, lakini za kabureta wanacheza na jeti kama sisi. Wao wana hatari moja zaidi: nyingi ni injini za tu-stroki, ukipunguza mafuta kupita kiasi pistoni inayeyuka.

Hata kwa hizi zetu usizidishe. Nimeweka alama ya rangi ya kucha kwenye skrubu, nikishuka kukaa Mbale siku kadhaa nafunga robo. Na ukiwa unateremka umeachia mafuta, eksozi ikaanza kupiga pa pa pa, hewa imezidi, simama urudishe kidogo kabla hujaendelea.