Ramani ya Unguja na Pemba kwenye mchanga

Mkimfundisha mtoto habari za Zanzibar, kitabu kingoje kwanza. Anzeni uani, kwenye mchanga ulioloweshwa kidogo, maana mkavu haushiki mstari. Sentimita moja iwe kilomita moja: Unguja ikatiwe kamba ya sentimita 85, Pemba 67, na bahari baina yao 50 hivi. Watoto wengi huiweka Pemba kaskazini moja kwa moja. Isogezeni mashariki kidogo. Wete, Chake Chake na Mkoani ziwekewe kokoto.

Halafu karafuu. Mpe mtoto kishada kibichi achambue mwenyewe, karafuu kando, makonyo kando, aanike jamvini aone kijani kinavyogeuka hudhurungi. Hapo mweleze habari za Sultan Said wa Oman na mashamba yake, wala usimfiche kwamba yalilimwa na watumwa.

Mapinduzi ni Januari 12, Muungano Aprili 26, yote 1964. Watoto huzichanganya sana tarehe hizi.