Kopo la mchele

Mimi ndo nilikua wa pili siku zote. Bwanangu anajidunga unga kwanza, yani heroini, akimaliza anasuuza lile bomba kwenye kikombe cha bati chenye maua, moja ya vile vikombe tulivyoletewa harusini, halafu anautafuta mshipa wangu manake mimi mwenyewe sikuwahi kujua kuupata, na alikua akiutafuta kwa upole wallahi, anapapuliza kwanza pale pa kuchoma kama vile unavyompulizia mtoto kidonda. Maji ya kikombe yanageuka pinki. Mimi nikiona ni usafi, kumbe kusuuza na maji hakutoi virusi, damu inabaki ndani ya bomba na ndani ya sindano yenyewe na aliye wa pili ndo anaipokea. Na si ukimwi pekee, ile homa ya ini aina ya C inapita kwa sindano kwa urahisi zaidi.

Watu wengi hapa Mombasa wanadhani mateja wanachangia sindano kwa sababu hawajui hatari yake. Sisi tulikua tunajua. Watu wa autrichi, wale wanaotufata mitaani na huduma, walikua wanapita maskani, pale mateja wanapokutana kujidunga, na sindano mpya, za bure, japo mwanzoni huo mpango ulipingwa sana na viongozi wa dini huku pwani ati unahimiza unga. Lakini nyinyi ni mke na mume. Mnakula sinia moja, mnalala kitanda kimoja, kete, ile pakiti ndogo ya unga, ni moja mmechangia pesa, sasa ukimwambia leo mimi nataka sindano yangu unamwambia nini, kwamba unamshuku? Halafu kuna polisi. Ile sheria ya dawa za kulevya ya 1994 haigusi unga peke yake, inagusa hadi vifaa vya kutumia, kwa hivyo ukipekuliwa na sindano mfukoni umejitafutia kesi hata kama huna kete. Ndo mana mtu anapewa sindano tano anachukua moja, au anaziacha palepale maskani na akija mwingine na arosto yake, yale maumivu ya kukosa unga, anaokota yoyote anayoiona.

Alishikwa Jumanne asubuhi. Kete mbili. Akapewa mwaka na miezi miwili.

Hapa naomba usome polepole, hasa kama unafanya kazi kortini au unakaa kwenye vikao vya hii mipango. Siku aliyofungwa bwanangu ndo siku mimi nilipoingia kwenye hatari kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Kumbuka sijui kujidunga. Nyumbani kulikua na mtu mmoja na sindano moja, ni vibaya, lakini ni mtu mmoja. Alipoondoka ikabidi niende maskani kwa wale vijana wanaodunga wenzao kwa malipo, malipo yenyewe anakata chake kwenye unga wako, anajidunga, ndo anakupa wewe. Tena wa pili. Siku nyingine wa tatu. Na pesa nilikua sina, na mwanamke asiye na pesa maskani analipa na nini sina haja ya kueleza. Uchunguzi wa 2011 ulikuta karibu watu 18 kwa kila 100 wanaojidunga hapa Kenya wana virusi vya ukimwi, na wanawake wanaojidunga ndo wako pabaya zaidi, mimi sishangai hata kidogo nikikumbuka ile miezi sita.

Na nilikua na mimba, sijui.

Nilifika kliniki tumbo limeshatoka. Kituo sitakitaja. Yule muuguzi aliponiona mikono akaita mwenzake aje aone, wakapima, ikatoka nnavyo. Akaniambia mlete mumeo apimwe. Nikamwambia yuko ndani. Ndani wapi? Jela. Akaandika kwenye kadi, nikamuona kwa macho yangu, hajaolewa. Nina cheti cha ndoa nyumbani na picha ya harusi ukutani, lakini mume akiwa jela kwenye ile kadi hayupo, na kama hayupo hakuna anayemtafuta kumpima, hakuna anayeuliza akitoka itakuaje.

Lakini dawa za ukimwi, zile ARV, nilianza siku hiyohiyo na nikapelekwa kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga. Mjamzito haachishwi unga ghafla, arosto inaweza kuharibu mimba, anapewa methadoni kila siku dirishani anainywa mbele ya mhudumu. Hii huduma Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Disemba 2014, Malindi ikafuata 2015, na huku kwetu ikaja baadae. Sasa sikiliza kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema. Wiki ya pili ya ARV nikaanza arosto. Jasho, mafua, miguu kuuma usiku, kupiga miayo hadi machozi, na methadoni nakunywa kila siku. Nikaapa wanaichanganya na maji, foleni nzima ikaniunga mkono. Kumbe ni ARV, miaka ile tulikua tunapewa zenye efavirenzi, na efavirenzi inalifanya ini liimalize methadoni mwilini haraka kabla siku haijaisha. Rifampisini ya TB inafanya vivyo hivyo. Daktari akanipandishia dozi nikatulia. Sai wengi tunatumia ARV zenye DTG na yenyewe haigombani na methadoni, lakini ukianza dawa yoyote ya ukimwi au ya TB na wewe uko kwenye methadoni sema pale dirishani, usinyamaze ukaenda kutafuta kete ya kujazia, au mbaya zaidi ukaziacha ARV kwa sababu unaona ndo zinakuumiza.

Mimi niliziruka kwa sababu nyingine. Nilikua naishi na mavyaa, mamake bwanangu. Vidonge nikavifunga kwenye karatasi ya nailoni nikavifukia ndani ya kopo la mchele, sasa jioni mavyaa yuko jikoni anapika mimi nitatia mkono kwenye mchele kutafuta nini? Siku mbili nameza, siku moja sipati nafasi. Mtoto nilimzaa salama, alipewa dawa yake, nikamnyonyesha, alipofika miezi 18 kipimo cha mwisho kikatoka hana. Alhamdulillahi. Lakini wingi wa virusi mwilini mwangu haukushuka kama ulivyotakiwa na nilikua najua kwa nini.

Gerezani nilikwenda kumuona mara nne. Kuna wavu, kuna askari, kuna wake wengine wanapiga kelele kulia na kushoto, dakika chache, utaanzia wapi. Nilimwambia mtoto ana meno mawili.

Alipokaribia kutoka bi mkubwa mmoja wa autrichi, mwenyewe alikua teja zamani, akanifata nyumbani. Akanambia mwanangu, wiki mbili za kwanza ndo zinazoua. Mtu amekaa ndani mwili umesahau unga, anatoka anapiga kipimo kilekile cha zamani, anazimika. Akanifundisha dalili, midomo kugeuka buluu, kukoroma kwa ajabu, pumzi chache, na nikiona hivyo nimpulizie pumzi na nipige simu waje na naloksoni, dawa ya kumuamsha aliyezidisha unga. Halafu akauliza na nyinyi wawili je, mtalala vipi? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Akatukalisha mkekani siku ya tatu baada ya bwanangu kutoka. Tukapimwa pamoja, chumba kimoja, kila mmoja anaona kipimo cha mwenzake. Chake mstari mmoja, hana. Changu miwili, nnavyo. Akakitazama muda mrefu sana, halafu akauliza dawa nilianza lini, nikamwambia, nikaona anahesabu miezi kwa vidole juu ya goti, na nikajua anahesabu kitu gani. Hakusema neno. Usiku nikamuona yuko jikoni, amemwaga mchele wote kwenye ungo, amevitoa vile vidonge, amevipanga rafuni karibu na sukari pale ambapo mamake atapaona. Asubuhi mavyaa akaviona. Alilia, akanifokea kidogo, halafu yeye ndo akawa ananikumbusha saa mbili usiku.

Bwanangu akaanzishwa PrEP, kidonge cha kumkinga asiye na virusi, ilikua haijapita hata miaka miwili tangu serikali iizindue, Mei 2017. Watu wanaona PrEP imetoka ulaya wakati kazi kubwa ilifanywa na watu wa hapahapa, jozi zaidi ya 4,700 za wenza wa Kenya na Uganda ambao mmoja anavyo na mwingine hana, na majibu yaliyotoka 2012 yakaonyesha kile kidonge chenye dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Kwa wanaojidunga walijaribu Bangkok kidonge cha dawa moja, 2013 ikaonekana kinapunguza karibu nusu. Kwa hivyo kinasaidia, ila hakitoshi, sindano bado kila mtu yake. Na lile neno la kisichoonekana hakiambukizi, yani ukimeza ARV hadi virusi visionekane kwenye kipimo humuambukizi mwenzako, ambalo nalipenda sana na limeniokolea ndoa, ujue linazungumzia kitandani. Hakuna aliyethibitisha kwamba ni hivyohivyo kwa sindano, na nimesikia watu maskani wanalitumia kuchangia bomba ati mimi virusi vyangu vimelala. Usifanye hivyo.

Nimesoma kwamba New York kuna mama anaitwa Nabila El-Bassel wa Chuo Kikuu cha Columbia, yeye na wenzake kwa miaka mingi wanawaita wanaume walio kwenye probesheni, kile kifungo cha nje, pamoja na wapenzi wao, wanawafundisha wakiwa wawili, namna ya kuongea, kupima, kondomu, sindano, nani wa kumtegemea. Wamefanya pia Almaty kule Kazakhstan na wenza wanaojidunga. Niliposoma nilikaa kimya. Ni ule mkeka wa bi mkubwa.

Alishikwa tena, sitaficha. Safari hii hakimu akampa probesheni, na mimi nashukuru manake gerezani siku hizi Shimo la Tewa kuna methadoni ndani kwa ndani, lakini seli ya polisi haina, na siku chache tu bila dozi huwezi kurudishwa pale ulipokua, unaanza chini upya na arosto juu. Shida ikawa saa. Ripoti kwa afisa saa tatu asubuhi, dirisha la methadoni yake asubuhi hiyohiyo, na ni matatu mbili. Akikosa huku ni jela, akikosa kule ni arosto. Nilikwenda mimi kwa yule afisa, nimembeba mtoto, na kadi zetu zote mbili mkononi, nikamueleza kila kitu mpaka vile virusi. Akachukua kalamu akaandika saa nane mchana. Yani ni mstari mmoja tu wa kalamu.

Kama mumeo yuko ndani sai, usisubiri atoke. Tafuta mtu wa autrichi wa mtaa wenu, muulize sindano, muulize PrEP yako wewe, na kama umeingiliwa kwa nguvu au umedungwa na sindano ya mtu leo, kuna dawa ya dharura ndani ya saa 72 na unameza siku 28, nenda leo usingoje kesho. Na wale mnaojaza kadi tafadhali ulizeni yuko gereza gani na anatoka lini, halafu muandike.

Mimi virusi havionekani mwaka wa nne huu. Yeye mwaka jana aliteleza mara mbili, alinambia mwenyewe, kwa hivyo PrEP hajaiacha. Kesho tuna kliniki, mimi dirisha la kwanza yeye la tatu. Tarehe moja. Kupewa tarehe moja kulituchukua miezi minne ya kuomba.