Siku tuliyotafuta umri wa mti wa Mama pale Isevya

Hii ilikuwa 2011, Tabora, ule mwezi wa tisa ambao jua linachoma na mvua bado iko mbali. Rafiki yangu akanipigia simu anasema njoo nyumbani sasa hivi, kuna mtu katoka Dar anataka kununua mti wa Mama, alafu anataka mtaalamu amwambie una miaka mingapi. Mtaalamu mwenyewe ndo mimi, kwa sababu nilisomea misitu na wakati huo nilikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara, basi mtaani kila swali la mti lilikuwa linaletwa kwangu, hata mpapai ukigoma kuzaa.

Mti wenyewe nilikuwa naujua tangu zamani. Fikasi, jamii moja na mkuyu, umekaa kwenye hodhi la chuma chini ya dirisha la sebuleni, urefu wake haukufika hata kifuani kwangu lakini shina pale chini nene kama la mti wa barabarani, mizizi imemwagika juu ya udongo imeshikana, na mingine imeshuka kutoka kwenye matawi ikazama humo humo kwenye hodhi. Marehemu mzee, baba yake rafiki yangu, alikuwa mfanyakazi wa reli, na ndo alikuwa anaukata kata kila mara. Alipofariki Mama akaendelea. Hakuna aliyewahi kuuita bonsai, yaani mti unaolelewa mdogo kwenye chungu kwa kukatwa katwa, mpaka siku hiyo huyo mgeni alipoingia uani.

Nikafika, shikamoo Mama, marahaba mwanangu, karibu ukae, kuna mtu hapa ana maswali mengi. Mgeni alikuwa mtu mzima, mstaarabu tu, ana bustani yake ya biashara na mteja mwenye hoteli. Akanieleza wazi wazi: mti ukiwa na miaka 100 anatoa milioni mbili, ukiwa chini ya hapo tunaongea, ila anataka nimwandikie karatasi na nisaini.

Sasa majirani walishamaliza kazi kabla sijafika. Mmoja kasema mti uliletwa na Mjerumani wakati wa kujenga reli, na reli ilifika Tabora 1912, kwa hiyo miaka 100 hiyo hapo imetimia, mnahangaika nini. Tabora ndo tulivyo, kitu chochote cha zamani kama sio cha Mjerumani basi ni cha Mwarabu, kila mwembe mkubwa utaambiwa ulitokana na kokwa alizotupa mtu wa msafara. Kuna miembe ambayo ni kweli, sikatai, ila sio kila mwembe jamani.

Mgeni yeye alikuja na hesabu. Akatoa tepu ya fundi cherehani, tukazungusha shina pale chini, sentimita 118. Akasema kuna kanuni ya Waingereza, mti unaongezeka mzingo kama sentimita 2.5 kwa mwaka, ukigawanya unapata 47, lakini huu uko kwenye chungu na mti wa chungu unakua nusu ya mwendo, kwa hiyo zidisha mara mbili, 94, tuseme 100 tusibishane. Nilicheka mpaka Mama akanikata jicho.

Nikamwambia mzee wangu, kanuni hiyo ni ya miti iliyosimama mahali pa wazi, ardhini, tena kwenye baridi ya huko kwao. Chungu kinapunguza ukuaji kweli, lakini kinapunguza kiasi gani inategemea ukubwa wa chungu, maji, mbolea, na mara ngapi mtu anakata mizizi, hamna namba ya kuzidishia. Alafu fikasi ina tabia yake mbaya kwa mpimaji: vipande vyake vikigusana muda mrefu vinaungana vinakuwa kitu kimoja. Ile mizizi inayoshuka ikikutana na shina inamezwa, hata miche mitatu ukiipanda imebanana baada ya miaka unaona shina moja. Kwa hiyo zile sentimita 118 sio shina peke yake, ni shina na mizizi yake iliyojipachika, na ukitaka kuona angalia hii mifereji, nikamwonyesha kwa kidole, hapa na hapa na hapa.

Akauliza, na pete za ndani? Swali zuri hilo, na nililipenda kwa sababu hapa kwetu lina jibu la kuridhisha kidogo. Ukienda msituni huko Urambo au Sikonge ukakata mninga utaona pete, maana miombo ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Novemba mpaka Aprili, alafu kiangazi kirefu mti unapukutisha majani unaacha kukua, mwaka unaacha alama yake. Sasa huu wa Mama unamwagiliwa maji ya kuoshea vyombo Januari mpaka Disemba, haujawahi kulala, utaandika pete ya mwaka kwa sababu ipi? Na hata zingekuwepo, mti ukibanwa kwenye chungu pete zake zinakuwa nyembamba sana, na ili uzihesabu lazima ukate au utoboe shina kwa keekee ya bomba utoe kipande mpaka katikati. Mama aliposikia kutoboa akasema hapana, nani atoboe, mtoboe ukuta.

Ndo mgeni akageukia hodhi. Pembeni kwenye chuma, chini ya rangi iliyobanduka, kulikuwa na herufi zimegongwa: EAR&H. Hiyo ni reli na bandari za Afrika Mashariki, jina lililotumika kuanzia 1948 mpaka 1969. Akapiga makofi, si unaona, huu ni wa kabla ya 1969! Nikamwambia hiyo ni habari ya hodhi. Ukipika wali leo kwenye sufuria ya bibi, wali hauwi wa zamani.

Hapo akanyamaza kidogo, alafu akatoa simu akatuonyesha picha ya msonobari wa Kijapani uliopo Washington, mti wa familia ya Yamaki wa Hiroshima, unaolelewa kwenye chungu tangu 1625. Ulikuwa nyuma ya ukuta kama kilomita tatu kutoka bomu lilipoanguka Agosti 1945, ukapona, na 1976 mwenyewe akawapa Marekani zawadi. Alinionyesha kunithibitishia kwamba umri wa bonsai unajulikana. Nami nikamuuliza, ulijulikanaje? Wale Wamarekani walikaa na mti robo karne bila kujua kama ulipita kwenye bomu, mpaka 2001 wajukuu wa Yamaki walipokwenda kuuona wakasimulia. Shina halikusema kitu muda wote huo. Basi na sisi tumuulize mwenye nyumba, maana tangu asubuhi kila mtu kaongea isipokuwa yeye.

Mama akasema mbona hamkuuliza. Mti ulikuja kwa treni kutoka Kigoma, mzee alipohamishiwa Tabora, ukiwa umeshapandwa humo humo kwenye hodhi, unene kama kifundo cha mkono wake, na yeye alikuwa na mimba ya huyu, akamnyooshea kidole rafiki yangu, behewa limejaa wanajeshi, vita ya Kagera. Rafiki yangu amezaliwa 1979. Kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa ndo kikawa ushahidi wetu wa kwanza, akawa anajisikia kweli kweli.

Na kabla ya hapo? Mama akaingia ndani akakaa weee, akarudi na picha nyeusi na nyeupe, mzee kijana amevaa sare mbele ya kota za reli Kigoma, pembeni yake hodhi lile lile, herufi zinasomeka, ndani kuna maua ya kawaida tu, hamna fikasi. Nyuma ya picha kwa kalamu ya wino: Kigoma 1973. Mama akasema maua yalikufa, ndo mzee akachomeka tawi alilolikata kwenye mti mkubwa uani kwa mwenzake kazini.

Kwa hiyo haukupandwa kabla ya 1973 wala baada ya 1979, na kwa kuwa ulifika na unene wa mkono mi niliegemea upande wa miaka ya mwanzo. Nikaandika kwenye karatasi: miaka 32 hadi 38, zaidi kuelekea 38. Nikasaini.

Mgeni akasoma, akatulia, alafu akaja na hoja ambayo mpaka leo naiheshimu: kama ulitokana na tawi, tawi si ni mwili wa yule mti wa Kigoma? Yule alikuwa na miaka mingapi? Kisayansi alikuwa na pointi, tawi ni mwendelezo wa mama yake. Ila watu wa bonsai wenyewe wanatofautisha umri wa mti na miaka ambayo umelelewa kwenye chungu, na yeye alikuwa ananunua malezi, sio ukoo.

Akashuka mpaka laki nne. Mama akakataa, akasema kwa laki nne bora uendelee kumzibia dirisha. Wakavutana mpaka chai ikaisha, mwisho Mama akachukua kisu, akakata tawi la unene wa kidole, akalifunga kwenye gunia bichi akamuuzia elfu kumi. Mgeni akaniuliza aliweke kwenye chungu moja kwa moja? Nikamwambia kama anataka shina nene aanze ardhini miaka kadhaa, fikasi ikiwa na nafasi ya mizizi inanenepa haraka, chungu baadaye, na asisahau kuandika tarehe.