Siku yangu na mgonjwa wa Mama, Ngamiani, Tanga

Saa 11:30 alfajiri. Nikishaswali, hata chai sijaonja, naenda kwenye kompyuta. Jana niliiacha ikipiga hesabu za mwanga wa nyota ninayoichunguza. Imezima! Umeme ulikatika usiku na betri yenyewe imechoka. Bahati programu huhifadhi majibu kila baada ya hatua 500. Adabu hiyo niliipata mwaka jana, baada ya kupoteza kazi ya siku nne.

Saa 1 asubuhi. Chai na mihogo. "Nyota yako bado haijapona?" Mama anauliza. Kwake ninachokihangaikia siku zote hizi lazima kiwe kigonjwa.

Saa 2. Kazini, yaani meza ya chumbani. Nyota yangu ni AM Herculis, na kwa kweli ni mbili, zinazungukana kwa saa 3 na dakika 6 hivi. Moja ni kibete nyeupe, mabaki ya nyota iliyokwisha kuni zake: ukubwa kama wa Dunia, uzito unaokaribia wa Jua. Sumaku yake ni kama gausi milioni 14 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), wakati ya Dunia haifiki hata gausi moja. Mwenzake, kibete nyekundu, yaani nyota ndogo isiyo na joto kali, ananyonywa gesi. Kwa jozi nyingine gesi hiyo hujizungusha kama sahani kabla ya kuanguka. Hapa sumaku hairuhusu. Inaikamata na kuishusha moja kwa moja kwenye ncha yake. Gesi inagonga, inafikia joto la mamilioni ya digrii, inatoa eksirei. Elektroni nazo, kwa kuizunguka mistari ya sumaku, zinatoa mwanga wa saiklotroni. Huo ndio ninaoutengenezea modeli. Ndio pia uliomfumbulia Santiago Tapia siri ya nyota hii mwaka 1976, alipoona mwanga wake umepolaraizika, yaani mawimbi yake yanatikisika kwa mpangilio, si ovyo.

Saa 4 hadi saa 8. Balaa. Vipimo vyangu ni vya TESS, chombo cha NASA, kinachoona mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 600 na 1,000. Kwa sumaku ya gausi milioni 14, wimbi la msingi la saiklotroni lina mikromita 7.6 hivi, kwa hiyo kinachoingia kwenye kamera ni vipande vyake vya 8 hadi 12, yaani wimbi hilo likigawanywa kwa 8 hadi 12. Hapo niko sawa. Lakini grafu yangu ya mwanga inapanda pale ya TESS inaposhuka! Nimebadilisha joto, nimehamisha ncha, wapi. Mwishowe nikaacha ubishi, nikajaribu pembe moja tu kati ya mistari ya sumaku na mtazamaji, nyuzi 90. Jibu: sifuri. Mwanga huu hung'aa zaidi ukiutazama kwa ubavu wa mistari ya sumaku, kama tyubu ya barazani: ikielekezewa kichwa haikupi kitu. Mimi niliandika kosaini, ambayo kwa nyuzi 90 ni sifuri, badala ya saini. Herufi mbili, saa nne.

Saa 10. Baiskeli, kachori, upepo wa Raskazone. Sikufikiria chochote.

Saa 2 usiku. Nimeiwasha upya. Mama yuko mlangoni na kanga begani.

"Imepona?"

"Aliyekuwa mgonjwa ni mimi, Mama. Yeye tatizo lake kula tu. Kuna miezi anakula gesi anang'aa, kuna miezi anasusa anafifia."

"Na sababu ya kususa?"

"Wanasayansi wanabishana bado."

"Haya, nawe uje ule. Ubwabwa unapoa."