Kabla ya lami, hesabu watu: barabara ya Goma na nafasi ya chukudu

Ukitaka kuchora upya avenyu ya Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, anza na daftari na watu wawili, mmoja kila upande. Wasimame katikati ya kipande cha barabara, si kwenye rompwe (mzunguko wa barabara): pale wamotari wanazunguka wakitafuta wateja na moto (pikipiki) moja itaandikwa mara tatu. Andika kila dakika 15, asubuhi watu wanapokwenda kazini na sokoni, mchana wanafunzi wanapotoka, kisha jioni. Rudia siku ya mvua.

Safu za daftari ziwe hizi: watu wa miguu, chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) yenye mzigo, chukudu tupu, moto, gari binafsi, taksi-basi, lori. Na kwenye kila chombo andika watu waliomo, maana hapo ndipo hesabu inapogeuka. Tuseme katika dakika 15 zimepita moto 120 zenye dereva na abiria mmoja kila moja, gari binafsi 40 zenye watu wawili wawili, taksi-basi 12 zenye watu 15 kila moja, na watu wa miguu 400. Jumla ni watu 900. Wa gari binafsi ni 80, hawafiki hata sehemu ya kumi. Ukihesabu vyombo tu, watu wa miguu 400 hawaonekani kabisa, na mchoro utawasukumia kwenye mtaro.

Chukudu ndiyo inayosahaulika zaidi. Mjini tumeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu, njia yake hatujaichora. Haili mafuta, haitoi moshi, inashusha viazi na magunia ya makala (mkaa) kutoka Kibumba kupitia Kanyaruchinya na Munigi. Mji wetu unateremka kutoka upande wa volkano ya Nyiragongo kuelekea ziwani, kwa hiyo mzigo mkubwa unashuka. Kupanda, mara nyingi chombo kinasukumwa kikiwa tupu. Basi njia yake iwekwe upande wa kushuka tu. Kwenye barabara ya mita 12 toka ukuta hadi ukuta: mita 2 za watu wa miguu kila upande, mita 6 za vyombo vya moto kwa pande mbili, na mita 2 zinazobaki ni za chukudu. Ndiyo, hakuna pa kuegesha gari. Lazima kitu kimoja kikose nafasi.

Breki yake ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa inakwenda karibu mita 5.6 kila sekunde. Mpaka dereva ashtuke na breki dhaifu ile ishike, mita 15 au zaidi zimekwisha. Kwa hiyo usiweke kivuko cha wanafunzi chini kabisa ya mteremko. Kirudishe juu, mwendo ukiwa bado mdogo. Dodani (tuta la kupunguza mwendo) fupi yenye ncha nayo ni hatari: gurudumu dogo la mbao linagonga, gunia linaruka mbele. Dodani ndefu ya mita 3.7, kimo sentimita 7.5 hadi 10, inapunguza mwendo wa gari bila kumwangusha mwenye chukudu. Kuacha pengo pembeni apite hakusaidii, wamotari watalimaliza siku hiyohiyo.

Kuna mtaro pia. Kuchimba kwenye mwamba wa lava, kama ule ulioingia mjini Januari 2002, ni kazi ya gharama, kwa hiyo njia ya miguu ijengwe juu ya mtaro wenyewe. Makosa yako kwenye vifuniko. Kikiwa kikubwa hakuna wa kukiinua. Takataka na mchanga mweusi vinajaa chini, mvua inapita barabarani. Kifuniko cha zege cha sentimita 60 kwa 60, unene 8, kina uzito wa kilo kama 70: watu wawili wanakiweza. Kiwe na nondo ndani, maana moto zitapanda juu. Na kiachiwe matundu mawili ya kupitishia ndoano, la sivyo siku maji yakijaa watakivunja kwa nyundo.